Gongo la Tikolo

"Mjomba, kriketi ndiyo nini?"

Swali zuri hilo! Sogeeni, wapwa zangu. Hapa Kisorya tunaujua mpira wa miguu. Kriketi wengi wetu hatujawahi kuiona. Mmoja anarusha mpira mgumu, kama gramu 160 hivi. Mwenzake anausubiri karibu mita 20 mbele yake, ameshika gongo bapa la mbao. Anaupiga, anakimbia. Akifika upande wa pili, timu yake imepata mkimbio mmoja.

Leo nataka gongo lenyewe lizungumze. Haya, gongo, sema.

"Mimi ni gongo la Steve Tikolo. Bwana wangu alizaliwa Nairobi mwaka 1971. Kaka zake, Tom na David, walikuwa wachezaji. Naye akacheza, akawa wa klabu ya Swamibapa palepale Nairobi. Mwaka 1996 Kenya ikaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Tukafika Kandy, Sri Lanka. Wenyeji wakapata mikimbio 398! Bwana wangu hakutetereka. Mpira unakuja, mimi paa! Unakuja tena, paa! Akafika 96. Imebaki minne tu apate mia moja, akatolewa."

"Maskini! Kenya ikashinda?"

Siku hiyo hapana. Lakini siku chache kabla, tarehe 29 Februari, kule Pune nchini India, walikuwa wamewafunga West Indies, miamba wa mchezo huo. Na mwaka 2003, Tikolo akiwa nahodha, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

"Halafu akazeeka?"

Halafu akawa mwalimu. Waganda walimchukua aifundishe timu yao ya taifa.

"Si kazi rahisi hiyo, mjomba? Kucheza anajua."

Ee, mpwa wangu, umegusa penyewe! Unawajua wazee wetu wanaovua dagaa usiku wa giza. Mzee anaangalia maji chini ya taa, mara anasema, vuta! Muulize amejuaje. Atakuna kichwa. Mkono wake unajua, mdomo haujui. Sasa mwambie abaki ufukweni, awafundishe vijana kwa maneno matupu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Tikolo. Miaka yote mkono wake ulipiga tu. Sasa lazima atafute maneno. Mguu weka hapa. Kichwa kitulie. Usiufuate mpira, usubiri. Kijana huyu anaelewa kwa kuambiwa, yule mpaka aonyeshwe, tena na tena. Mimi naona kazi hii ya pili ni ngumu kuliko ile ya kwanza.

"Waganda walielewa?"

Walielewa! Mwaka 2018 walikwenda Malaysia, wakatwaa ubingwa wa daraja la nne la dunia. Na mwaka 2024, chini ya mwalimu mwingine, wakacheza Kombe la Dunia la mchezo mfupi kwa mara ya kwanza. Wakaifunga Papua New Guinea. Siku hiyo Frank Nsubuga alirusha mipira 24, akatoa mikimbio 4 tu, akawaondoa wapigaji wawili.

"Alikuwa kijana sana?"

Alikuwa na miaka 43, mpwa wangu. Haya, nani ana swali jingine?