Karatasi ya W-4 na Hesabu ya Mwenye Kazi Mbili

Mgeni aingiapo kazini Marekani, iwe ni katika ghala la kupakia vifurushi au katika nyumba ya kutunzia wazee, siku ya kwanza hutiwa mkononi rundo la karatasi, na miongoni mwake imo moja iitwayo W-4, ambayo aghalabu huijaza kwa kuchungulia ya mwenziwe aliyeketi kando, akaitia sahihi na kuisahau, mpaka mwezi wa Aprili wa mwaka wa pili ambapo hupata habari kuwa anadaiwa kodi.

Tangu mwaka 1943, wakati wa vita, serikali ya nchi ile ilipoagiza kodi ya mapato ikatwe katika ujira kabla haujamfikia mwenyewe, mwajiri amekuwa mtoza kodi asiye na mshahara wa kazi hiyo. Naye, kwa kuwa hajui siri za nyumba ya mtu, hukata kwa kadiri alivyoarifiwa katika karatasi hiyo. Kwa hiyo W-4 haiamui kodi yenyewe, maana kodi huamuliwa na mapato ya mwaka mzima; hiyo ni makisio tu ya kiasi cha kuzuiwa kila siku ya malipo. Wala haigusi makato ya Hifadhi ya Jamii, asilimia 6.2, na ya Medicare, yaani bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45. Wenyeji wa zamani wangali wakiwausia wageni waandike sifuri au moja kuwa idadi ya nafuu zao za makato, ilhali nafasi ya tarakimu hiyo iliondolewa katika fomu mwaka 2020, na wasia huo sasa hauna pa kukaa.

Ghalati ya kwanza humpata Mswahili kwa sababu ya lugha yake mwenyewe. Katika hatua ya kwanza, baada ya jina na anwani, mna visanduku vitatu vya hali ya ndoa, na cha tatu kimeandikwa maneno ambayo tafsiri yake ni mkuu wa nyumba. Basi baba mwenye mke na watoto, ambaye kwao hana shaka kuwa mkuu wa nyumba ni yeye, hukitia alama kwa moyo mkunjufu. Lakini sheria ya kodi haitazami heshima: kisanduku hicho kwa kawaida ni cha asiye na ndoa, ambaye hulipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba anamoishi na mtoto au tegemezi mwingine anayekubalika. Baba huyo, akikitia alama, hukatwa kwa viwango visivyo vyake.

Ghalati iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuipita hatua ya pili, inayomhusu mwenye kazi mbili au mwenye mume au mke anayefanya kazi. Natuchukue mtu asiye na ndoa, mwenye kazi mbili, kila moja ikimpa dola 30,000 kwa mwaka, kwa viwango vya 2024, ambapo dola 14,600 za mwanzo hazikutozwa kodi. Kila mwajiri, akidhani kuwa yeye ndiye wa pekee, humwondolea dola hizo 14,600 na kukata 1,616, jumla 3,232. Kumbe msamaha ni mmoja tu, na kodi yake ya haki ni 5,216, hata abaki na deni la 1,984. Angalitia alama katika kisanduku kidogo cha hatua hiyo, katika fomu za kazi zote mbili, kila mwajiri angalikata 2,608, na hesabu ingalitimia barabara. Kisanduku hicho hufaa zaidi mishahara inapokaribiana. Mwenye kazi tatu atumie jedwali lililomo katika fomu.

Hatua ya tatu, ya watoto walio chini ya miaka 17 na tegemezi wengine, hujazwa katika fomu ya kazi moja tu, iliyo na mshahara mkubwa. Mume na mke wakiandika watoto wale wale kila mmoja kwake, watakatwa pungufu. Na hapa lipo jambo linalotia uchungu: mama aliyeko Tanga au Bukavu, hata ukimpelekea fedha kila mwezi, haandikwi, kwani tegemezi wa kuandikwa katika hatua hii sharti awe raia au mkazi wa Marekani.

Fomu isiyotiwa sahihi haikubaliki, na mfanyakazi mpya asiyeleta nyingine hukatwa kama asiye na ndoa wala nafuu yoyote. Walakini fomu mpya yaweza kupelekwa wakati wowote. Yule mwenye kazi mbili, akizinduka zikiwa zimesalia siku sita za malipo, na aandike dola 331 katika nafasi ya makato ya ziada iliyo katika hatua ya nne, kwa kazi moja tu. Na makato hayo, ijapokuwa yamekuja mwishoni, huhesabiwa kana kwamba yalikatwa sawasawa mwaka mzima.