Hondohondo wa Taveta na Hesabu ya Dunia

Je, wajua kwamba hondohondo wa mashavu ya fedha anaweza kwisha Taveta nzima, nchini Kenya, na Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini isibadilike hata herufi moja?

Orodha hiyo hutunzwa na shirika la uhifadhi la IUCN, na upande wa ndege wanaopima ni BirdLife International. Hondohondo huyu wamemweka katika daraja la wasiotia wasiwasi, na kwa vipimo vyao hawakukosea. Anaishi kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji na Zimbabwe. Ili ahesabiwe miongoni mwa walio hatarini kwa kigezo cha kupungua, idadi yake duniani ingepaswa kushuka kwa angalau asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, ukichukuliwa muda ulio mrefu zaidi. Kigezo cha eneo nacho huanza kumbana ndege ambaye eneo lake lote la kuenea halifiki kilomita za mraba 20,000. Hondohondo yuko mbali na mpaka huo.

Mlinganishe na apalisi wa Taita, kindege cha kaunti hiyohiyo ya Taita-Taveta. Huyo haishi kwingine popote ila katika vipande vichache vya msitu kwenye Milima ya Taita, na amewekwa daraja la juu kabisa la hatari. Kipande kimoja kama Ngangao kikifyekwa, hesabu ya dunia inatikisika. Msitu wa Taveta ukifyekwa, kwa hondohondo ni tone tu limepungua baharini.

Lakini tazama anavyozaa. Jike huingia katika tundu la mti mnene, na mlango huzibwa kwa udongo anaoletewa na dume, ukabaki upenyo mwembamba wa kupitishia chakula. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu. Huko Amani, Usambara, Tanzania, mtafiti wa ndege Reginald Moreau na mkewe Winifred walikadiria kwamba dume mmoja huleta takriban matunda 24,000 katika safari 1,600 hivi za msimu mmoja. Dume huyo akiuawa, jike na kinda wamo taabani. 

Kwa hiyo anahitaji vitu viwili vinavyochukua miaka mingi kupatikana: miti mikubwa yenye mashimo, na mikuyu ya kutosha kumpa matunda. Taveta ilikuwa navyo tele, kwa sababu maji ya Kilimanjaro hupita chini ya ardhi na kuibuka kwenye chemchemi huku kwenye ukame. Maji hayohayo ndiyo yanayonywesha migomba. Mkulima hana ugomvi na ndege. Anataka tu ardhi yenye unyevu, na huko ndiko mikuyu ilikosimama.

Anayetaka kujua hali yake hapa asihesabu ndege wanaopita angani pekee, maana hondohondo hufuata matunda na huweza kuja kula na kuondoka. Ahesabu mashimo: ni miti mingapi kando ya Mto Lumi ina tundu la kumtosha ndege wa sentimita 75 hivi, na ni mangapi yamezibwa kwa udongo msimu huu. Hondohondo wazee wanaweza kuendelea kupiga kelele juu ya migomba miaka mingi baada ya hesabu hiyo kufika sifuri.