Gamba Lisilogawanyika

Septemba 1957, nyoka mchanga wa kutoka Afrika, urefu wake kama sentimita 76, alipelekwa kwenye jumba la makumbusho la Field mjini Chicago ili atambuliwe. Alitoka katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park, mji huohuo. Aliyempokea ni Karl Patterson Schmidt, mzee wa miaka 67, bingwa wa nyoka aliyejulikana dunia nzima. Kichwa, rangi na magamba vyote vilisema huyu ni bumslangi, jina ambalo kwa Kiafrikaans maana yake ni nyoka wa mtini. Kitu kimoja kilimtatiza: gamba linalofunika tundu la haja. Kwa bumslangi gamba hilo kwa kawaida limepasuka vipande viwili. La huyu lilikuwa zima.

Schmidt akamshika ili amwangalie vizuri. Alimshika nyuma kidogo ya pale panapostahili, nyoka akageuka, akamuuma kidole gumba. Jino moja tu liliingia, milimita tatu hivi. Mzee alirudi nyumbani akiandika dalili zake moja baada ya nyingine, kama mtaalamu afanyavyo. Kesho yake alasiri akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Sumu ya bumslangi haina haraka. Huharibu uwezo wa damu kuganda, na mtu anaweza kukaa saa kadhaa akijiona mzima.

Mimi huwasimulia kisa hiki vijana wanaonijia na nyoka ndani ya ndoo, wakiniuliza kama anafugika. Schmidt hakukosa elimu. Jibu sahihi alikuwa nalo tayari, ila mkono ulitangulia kabla shaka haijaisha.

Sisi wengine tuna kanuni za mtaani, na nyingi ni mbovu. Inasemwa nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni iliyosimama kama ya paka. Koboko na swila wana vichwa vyembamba na mboni za duara, na hakuna asiyejua kazi yao. Chatu naye ana mboni iliyosimama na hana sumu hata tone. Rangi ndiyo mbovu zaidi. Hata wale koboko ambao Wazungu huwaita weusi wana ngozi ya kijivu au ya kahawia. Cheusi ni kinywa chao, na anayekiona kimefunguliwa kuelekea kwake amekwisha kusogea karibu mno.

Kosa ninaloliogopa zaidi kwa wanaotaka kufuga ni lile la mtoto wa chatu na kifutu, yule ambaye pwani ya Kenya huitwa bafe. Wote wawili ni wanene, wana mabaka ya kahawia, na hulala kimya majanini. Tazama mgongo. Kifutu ana alama za herufi V zilizopangana, ncha zikielekea mkiani, na magamba yake ni makavu yasiyong'aa, kila moja likiwa na mstari ulioinuka katikati kama mkuku wa jahazi. Mabaka ya chatu hayana mpangilio, ngozi yake ni laini yenye mng'ao, na juu ya kichwa ana alama nyeusi mfano wa kichwa cha mshale. Yote hayo yanaonekana ukiwa mita tatu au nne, kwa kamera ya simu iliyovutwa.

Kwenye mikorosho na minazi mambo ni magumu zaidi. Koboko wa kijani, bumslangi dume wa kijani, na nyoka wembamba wa kijani wala vyura wasio na madhara wanaweza kukaa shamba moja. Bumslangi ana jicho kubwa ajabu kwenye kichwa kifupi. Koboko wa kijani ana kichwa kirefu kama jeneza. Lakini koboko mchanga ni mdogo kama yule mla vyura, na kati ya majani huoni jicho. Hapo jibu la kitaalamu ni "simjui", na asiyejulikana haguswi.

Kuna mmoja anayevunja hata kanuni ya kushika nyuma ya kichwa. Ni nyoka mdogo, mweusi, wa chini ya ardhi, anayetoka usiku baada ya mvua, na wataalamu humwita Atractaspis. Hutoa jino pembeni huku kinywa kimefumbwa, akachoma kwa kurudi nyuma. Hana shingo ya kushika. Baadhi ya aliowachoma wamepoteza nyama ya vidole, na dawa za kuzuia sumu zilizozoeleka hazimfai.

Na msidhani wataalamu wamemaliza kazi. Swila mkubwa wa kahawia wa Watamu, pwani ya Kenya, anayetema sumu na anayeweza kuzidi mita mbili na nusu, alihesabiwa miaka mingi kuwa rangi tofauti tu ya swila wa kawaida. Mwaka 2007 ndipo alipopewa jina lake, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken hapohapo Watamu.

Kwa hiyo simama mbali, jikinge macho, piga picha ya kichwa kwa upande, mgongo na mkia, andika mahali na saa, kisha mpelekee anayejua. Hata aliyekufa usimwokote kwa mkono, maana kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma. Ukikuta ngozi aliyojivua, hiyo chukua: magamba yote yamo, yanahesabika mezani kwa utulivu. Wanaofanya kazi hii siku hizi humwelekeza nyoka kwa fimbo yenye ndoana aingie mwenyewe kwenye bomba la plastiki angavu, kichwa kikiwa ndani kimebanwa na mkia ukiwa nje. Kwa njia hiyo gamba la tundu la haja husomwa kwa nusu dakika, liwe limegawanyika au la.