Kufungua Kompyuta ya Mkononi Bila Kuijeruhi

Kompyuta ya mkononi si chombo cha anasa tena. Ndani yake mwalimu huweka alama za wanafunzi wake, karani huweka hesabu za chama cha ushirika, na kijana wa chuo kikuu huweka tasnifu aliyoihangaikia mwaka mzima. Siku mashine hiyo inapoanza kuchemka na kuzimika yenyewe, mwenyewe hushikwa na mashaka: aipeleke kwa fundi, au aifungue mwenyewe? Sisi twaona njia zote mbili zafaa, mradi mfunguaji ajue alifanyalo. Tumekwisha kuona mashine zilizougua vumbi tu, zikaja kufa kwa kisu cha mezani.

Na aghalabu ugonjwa wenyewe huwa ni vumbi. Feni iliyomo ndani hupuliza hewa kupitia mapezi membamba ya madini, na uchafu hunasa baina ya feni na mapezi hayo hata ukawa kama kipande cha blanketi. Kuuondoa ni kazi ya dakika chache. Taabu yote iko katika kufika hapo ulipo.

Kabla ya yote, kazi zilizomo zinakiliwe mahali pengine, kama mashine bado yawaka. Kisha izimwe kabisa. Kuifunika tu hakutoshi, kwani mashine iliyofunikwa huwa imelala, nao umeme ungali ukipita ndani yake. Waya wa chaji uchomolewe. Katika mashine za zamani betri hutoka kwa kusukuma kitasa kilicho chini. Katika nyingi za siku hizi imefichwa ndani, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Betri ya lithiamu ina tabaka nyembamba mno zilizolowa kimiminika kinachoshika moto upesi. Ncha ya bisibisi ikiitoboa, tabaka hizo hugusana, joto hupanda ghafla, ukazuka moto pamoja na moshi wenye sumu. Kwa hiyo ni busara kuiacha betri iishiwe chaji hadi chini ya robo kabla ya kuanza kazi. Nayo ikionekana imevimba, hata ikalisukuma ganda la mashine, kazi isimame papo hapo: isichajiwe, isibonyezwe, na iwekwe mbali na vitu viwezavyo kuungua mpaka ifikishwe kwa mwenye ujuzi nayo.

Sasa tuje kwenye bisibisi, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kutaka kubana matumizi. Skrubu nyingi za kompyuta zina kichwa cha msalaba, wa mtindo wa Phillips, ambao Henry Phillips wa Portland, huko Marekani, aliupatia hataza mwaka 1936. Mashimo ya msalaba huo yana mteremko. Asiyekandamiza vyema huku akizungusha, bisibisi humpanda juu na kuteleza. Ikiteleza mara tatu msalaba umegeuka kuwa duara, na skrubu hiyo haitoki tena ila kwa kutobolewa. Bisibisi ya fundi umeme wa nyumba ni nene mno kwa kazi hii. Yatakiwa ndogo, ya namba 0 au 00, yenye ncha isiyolika. Mashine nyingine zina skrubu za nyota yenye pembe sita. Na kampuni ya Apple ilianza mwaka 2009 kutumia nyota ya pembe tano, ambayo bisibisi za kawaida haziiwezi kabisa. Haidhuru, bisibisi zake huuzwa, na seti moja ndogo ni nafuu kuliko ganda jipya.

Skrubu hazilingani urefu. Ile ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi, yaweza kuipasua bodi kuu kwa chini. Dawa yake ni rahisi: chora umbo la mashine juu ya karatasi ngumu, na kila skrubu itokapo ichomekwe mahali pake katika mchoro. Nyingine hufichwa chini ya miguu ya mpira au chini ya vibandiko.

Skrubu zikiisha, ganda bado litakuwa limeshikwa na vishikizo vya plastiki pembeni. Hapa ndipo kisu huja kuharibu. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, uipenyeze ufani, uitembeze pole pole. Kila kishikizo kitaalika kikiachia. Pasipoachia, usiongeze nguvu, bali utafute skrubu uliyoisahau. Ganda likilegea linyanyuliwe kidogo tu na kuchunguliwa, kwani katika baadhi ya mashine utepe mwembamba wa nyaya hulifunga na bodi, nao hukatika kwa mvuto mmoja.

Kabla ya kutia mkono ndani, gusa chuma kitupu kilichoungana na ardhi. Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli, hasa wakati wa kiangazi na juu ya zulia. Nasi huanza kuuhisi ufikapo volti 3,000 hivi, ilhali vijidude vya ndani vyaweza kuharibiwa na volti zisizotimia 100. Baada ya hapo waya wa betri uchomolewe kwa kushika kichwa chake, si nyaya zenyewe, na swichi ya kuwashia ibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kwa kupuliza hewa kavu, si kwa mdomo, maana mate ni maji. Mapanga ya feni yashikwe kwa kidole yasizunguke ovyo. Kisha waya wa betri urudishwe, ganda liegeshwe, na mashine iwashwe kwa muda mfupi. Feni ikisikika na hewa ikatoka, izimwe tena, vishikizo vibanwe kwa kiganja, na skrubu zirudi moja moja kutoka kwenye karatasi. Nayo isiyopata tundu lake yataka ganda lifunguliwe upya usiku huo huo.