MWENYE KUKU NDIYE ATAKAYEJIBU

Wakulima wengi hudhani kwamba sheria ya ukatili ni ya punda na ng'ombe tu. Sivyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka 1962, humlinda kuku pia. Kumnyima chakula au maji, au kumsafirisha kwa namna ya kumtesa bila sababu, ni kosa. Adhabu yake ni faini au kifungo.

Mwenye kuku elfu moja huwaachia vibarua kazi. Maji yakikauka Jumapili na kuku wakafa kwa kiu, asidhani ataokoka kwa kusema, "Kibarua hakuniambia." Ikiwa angaliweza kuzuia mateso hayo kwa kuangalia mali yake vizuri, sheria humhesabu kuwa ameyaruhusu.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, vizimba vitupu vya kuku wa mayai vilikatazwa tangu mwaka 2012. Humo kila kuku alipata sentimita 550 za mraba, eneo dogo kuliko karatasi ya barua. Hata kwetu, mateso ni mateso, yawe kizimbani au uani.

Basi, mkulima, fanya hivi:

1. Kagua maji na chakula mwenyewe, asubuhi na jioni.
2. Kuku mgonjwa mtenge, umwite afisa wa mifugo.
3. Ukienda sokoni, tumia tenga lenye nafasi. Usiwaning'inize kichwa chini kwenye pikipiki.

Tena kumbuka: kuku mwenye kiu hatagi.