Udi Unapong'ang'ania Kanga

Kanga iliyofukizwa udi siku ya arusi ikikaa sandukuni wiki tatu, unaweza kudhani harufu imekwisha. Ipige pasi. Joto likiigusa tu, udi unafumka upya na chumba kizima kinanukia. Harufu ile ilikuwa imejificha wapi?

Ilikuwa juu ya nyuzi. Pamba haikuinywa kama sifongo inywavyo maji. Molekuli za moshi zilinata kwenye uso wa kila uzi. Ndani ya kitu kigumu, kila atomu imeshikwa na wenzake pande zote. Ile iliyo usoni haina jirani upande wa nje, hivyo hudaka kipitacho: gesi, mvuke, hata rangi iliyo majini. Mara nyingi mshiko huo ni hafifu, na joto huufungua.

Mwaka 1918 Mmarekani Irving Langmuir alionyesha kwa hesabu jinsi gesi inavyotanda juu ya uso hadi kufanya tabaka lenye unene wa molekuli moja. Nafasi zikijaa, basi. Utafiti wake wa kemia ya nyuso ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Anayetaka kunasa vingi, basi, atafute uso mwingi. Hapo ndipo ninapokistaajabia kifuu cha nazi. Kichome kwa kukinyima hewa mpaka kiwe mkaa, kisha kipitishiwe mvuke wa maji wenye joto la nyuzi 900 hivi. Mvuke huula mkaa kwa ndani, ukichimba vitundu visivyoonekana, kitundu ndani ya kitundu. Gramu moja tu ya mkaa huo huwa na uso wa mita za mraba 1,000 hivi; gramu saba, uwanja mzima wa mpira!

Katika Vita Kuu ya Kwanza mkaa wa namna hii ulijazwa kwenye barakoa za kuzuia gesi ya sumu, na Marekani ikawaomba wananchi wakusanye kokwa za pichi ili zichomwe. Leo hospitalini, baadhi ya waliomeza sumu hunyweshwa unga wake mapema, ingawa pombe, chuma na lithi hazinaswi. Mkaa wa jikoni haufai kwa kazi hiyo, tafadhali msiujaribu.

Mkaa ule wenye vitundu ukijaa uchafu kwenye mitambo ya kuchuja maji, unaweza kurudishwa tanuruni, moto ukavibandua vilivyonata, kisha ukapangwa tena chujioni.