Msichana wa Saa Moja Asubuhi

Ipo dhana miongoni mwetu walimu wa lugha kwamba kijana anapochanganya ndimi, lugha yake imekwisha kuingiwa na maradhi. Mwenye dhana hiyo ningemwomba amsikilize Jacqueline Taïeb, mwimbaji wa Ufaransa ambaye nyota yake iling'aa kwa kitambo kidogo tu katika miaka ya sitini.

Taïeb alizaliwa Tunisia mwaka 1948, akahamia Ufaransa akiwa mtoto wa miaka minane. Muziki uliotamba huko enzi hizo uliitwa 'yé-yé'. Jina hilo lilienezwa na mwanasosholojia Edgar Morin katika gazeti la Le Monde mnamo Julai 1963, baada ya vijana kufurika katika uwanja wa Nation mjini Paris kuwasikiliza waimbaji wao. Asili yake ni 'yeah' ya Waingereza na Wamarekani. Wafaransa hawakulimeza neno hilo lilivyo. Walilipa irabu ya kwao na tahajia ya kwao, kama sisi tulivyoichukua 'school' tukapata skuli.

Wasichana wengi wa yé-yé waliimba maneno waliyotungiwa na wanaume. France Gall, kwa mfano, aliimba tungo kadhaa za Serge Gainsbourg. Taïeb alijitungia mwenyewe, na hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1967 alitoa '7 heures du matin', yaani saa moja asubuhi kwa hesabu yetu. Ni msichana wa shule anayeamka akiwa na usingizi. Anatafuta mswaki. Hajui avae sweta ya buluu au nyekundu. Anatamani Paul McCartney angekuwapo amsaidie katika Kiingereza, kisha anakigugumiza kipande cha 'My Generation', wimbo wa kundi la The Who. Nusu anaimba, nusu anazungumza, na lugha yake ni ile ya chumbani, si ya ubaoni.

Sasa tuupasue wimbo huo kiisimu. Kiingereza kilichomo ni majina ya watu na kibwagizo cha kuazima. Sarufi inayoubeba, na malalamiko yote ya kuamshwa mapema, ni Kifaransa kitupu. Kijana wa Nairobi asemapo 'tumemeet' hafanyi jambo la mbali sana na hilo: mzizi ameukopa, lakini kiambishi cha nafsi na cha wakati ni vya Kiswahili, tena amevipanga sawasawa. Mwalimu anayemchapa kwa kosa hilo hajatazama ni lugha ipi iliyoshika usukani.

Taïeb hakufikia umaarufu wa Françoise Hardy. Alitoa rekodi chache katika miaka hiyo, akaendelea kutunga, na jina lake kama mwimbaji likafifia. Miongo kadhaa baadaye wapenzi wa muziki wa kale, wakiwamo wasiojua Kifaransa, waliufufua wimbo ule ule wa mswaki na sweta.

Huenda mtu akadai kwamba Kifaransa kimesalimika kwa sababu kina sheria za kukilinda. Naam, zipo. Sheria ya Toubon ilipitishwa Agosti 1994, na tangu 1996 redio zililazimishwa kutenga asilimia 40 ya nyimbo zao kwa zile za Kifaransa. Lakini Taïeb alikuwa ameimba miaka 27 kabla ya sheria ya Toubon, na katika miaka hiyo yote sijasikia Mfaransa aliyesahau kuuliza, kwa lugha ya mama yake, mswaki wake uko wapi.